Mkono Aliofinya Mwende

Jumatano, Mitaboni

Nilikuwa nimeamua kutompenda huyo doula. Mwende, kitinda mimba wangu, alinieleza kwamba hospitali yao huko Mavoko inaruhusu mtu mmoja tu kuingia na anayejifungua, na amechagua doula. Huyo ni mwanamke wa kulipwa. Anakaa nawe tangu uchungu uanze hadi mtoto atoke, halafu anakuja nyumbani kukusaidia kunyonyesha.

"Mwaitu, mama yangu, usikasirike. Yeye amesomea."

"Amesomea kukaa?"

Nimeketi nyuma ya wanawake wengi hapa kijijini, wakiniegemea magotini nikiwakanda kiuno. Cheti sina. Hata kuandika nimefundishwa juzi na mjukuu.

Leo asubuhi nilikuwa napalilia maharagwe simu ikalia. Ni huyo doula, ananiita bibi kwa Kikamba.

"Susu, kila mahali nikimshika Mwende anakataa. Anasema ni wewe unajua."

Mimi najua kwa mikono, si kwa mdomo. Nikashika kiuno changu mwenyewe pale shambani, nikitafuta. "Shuka chini kidogo. Hapo. Bonyeza na kiganja chote. Usiogope, hatavunjika!"

Nikamsikia Mwende akishusha pumzi. Hiyo pumzi naijua.

Mtoto amezaliwa, ni msichana. Wote ni wazima, asante Mungu.

Saa nane doula akapiga tena kunishukuru. Ana adabu, sina la kumchukia. Akacheka, akasema Mwende amemfinya mkono mpaka ukavimba.

Tangu hapo nauangalia mkono wangu. Hauumi popote.