Antena Ndani ya Kompyuta ya Mama Devota

Nsemulwa, Mpanda

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, goti limepoa, na chai iko karibu. Yustina alinitumia ujumbe kwamba mvua zimewasumbua sana hapo Ikola, mnaanika dagaa na kuwaanua kabla hawajaliona jua. Poleni sana nyie. Zile chanja mpya za kaka za kuanikia zimesaidia? Na kifua chako je, bado kinakubana wakati wa baridi? Mimi ni mzima. Nakula vizuri na chumba changu hakivuji. Ningeweza kupiga simu, lakini simu yako inakatika katikati ya maneno, na haya sitaki yakatike. Yustina akusomee polepole, na ukitaka arudie, arudie bila kununa.

Mama, nimefungua kompyuta, nikaiwekea kitu ambacho haikuwa nacho tangu itoke kiwandani, na inafanya kazi. Nimeifanya mwenyewe.

Najua utasema, si ndiyo kazi uliyoendea? Hapana, Mama. Tangu Fundi Hamisi anipokee dukani kwake kule Kashaulili, mimi nimekuwa wa kubadilisha vioo vya simu na kuchomea sehemu za chaji. Kompyuta alizishika yeye peke yake. Sikuwa na kinyongo, maana mtu wa huku akileta kompyuta, mara nyingi hana nyingine, na ikifia mezani kwako utamwambia nini? Lakini nilikuwa nikimtazama kila alipofungua moja, nikajua skrubu gani inatoka kwanza na waya gani haupendi kuvutwa.

Sasa nikueleze ya Mama Devota. Ndiye mwenye nyumba ninayokaa, yule niliyekuambia kuwa akipika maharage lazima anibakizie. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi, wakalima Katumba, na yeye akazaliwa huko, akaja kuolewa hapa mjini. Ana mdogo wake wa kiume, Anisethi, ambaye hasikii tangu kuzaliwa. Hakupelekwa shule ya viziwi, kwa hiyo yeye, mama yao na dada yake walijitengenezea lugha yao ya mikono hapo hapo shambani. Hakuna mtu mwingine duniani anayeijua yote. Anisethi alipata nafasi ya kwenda kuishi nchi za mbali, kule kwenye theluji, na ni miaka mingi hawajaonana.

Mwaka jana mama yao akafariki. Devota, binti wa mwenye nyumba wangu, ambaye ni mwalimu, akamwandikia mjomba wake ujumbe kwenye simu kwamba bibi ametutoka. Anisethi ana watu wa kumsomea huko, akaelewa, akajibu kwa ujumbe wa pole. Yakaishia hapo. Mama Devota yakamkaa moyoni, kwa sababu kuna jambo la siku ile ya mwisho alitaka kumwambia mdogo wake, na halina maneno, ni la mikono.

Walijaribu kwa simu ya Devota, ile ya kuonana uso kwa uso. Macho ya Mama Devota yana ukungu, na kwenye kile kioo kidogo hakuona kitu. Akaniambia, "Mikono ya Anisethi naiona kama nzi wanaruka kwenye maziwa." Devota akashauri amrekodi tu, video itumwe. Mama yake akakataa. Alisema habari ya msiba huirushi ukaondoka. Unakaa na mtu mpaka amalize kuuliza.

Ndipo akakumbuka kompyuta ya zamani ya Devota iliyokuwa kabatini. Kioo chake ni kipana na kamera yake nzima. Tatizo ni kwamba ni ya wakati ule, haina kifaa cha ndani cha kudaka intaneti inayorushwa na simu. Na matundu yake ya pembeni, ya kuchomekea flashi na vitu kama hivyo, yaliungua umeme ulipozidi. Kwa hiyo kama ni kuipa intaneti, lazima kifaa kikae ndani ya tumbo lake.

Niliipeleka dukani. Fundi Hamisi akaigeuza, akasema kazi ya namna hiyo inachosha na mashine yenyewe imezeeka, afadhali watafute nyingine. Nikamweleza habari ya Anisethi. Akaendelea kuchomea redio ya mtu. Baadaye akaisukuma kompyuta upande wangu wa meza. Akasema, "Ifungue wewe. Lakini ikifa, utakayekwenda kumwambia yule mama ni wewe."

Mama, nilianza na ile skrubu niliyojua inatoka kwanza. Nilipotoa kifuniko cha chini, nikaona nafasi ya kadi, ndicho kile kifaa cha kudaka intaneti, ipo, tupu, kama kiti kilichowekewa mgeni asiyefika. Nikafurahi. Lakini kadi peke yake haitoshi. Inahitaji antena, na antena za kompyuta zinakaa juu, pembeni mwa kioo, waya zake nyembamba zinashuka kupitia kwenye bawaba hadi kwenye kadi. Hii haikuwa na hata uzi mmoja.

Kwenye boksi la kompyuta zilizokufa nikapata kadi, na antena zake mbili, moja ya waya mweusi na moja ya waya mweupe. Nikafungua fremu ya kioo kwa ukucha, kidogo kidogo, maana plastiki ikizeeka inakatika kama ganda la yai. Nikazibandika antena kwenye pembe za juu. Kazi kubwa ikawa kuzipitisha waya kwenye bawaba, pembeni ya waya wa kioo chenyewe. Ukiubana ule, kioo kinazima moja kwa moja, na bila kioo hakuna Anisethi. Nilikuwa napitisha, nafungua na kufunga kompyuta taratibu kama mlango wa chumba cha mtoto aliyelala, naangalia kama kuna kinachovutwa, natoa, naanza upya. Wateja wakaja wakaondoka, mimi sikuwaona.

Nikamaliza, nikafunga, nikawasha. Kioo kikawaka cheusi, na maandishi meupe yakasema kadi hii haitambuliki, mashine haitawaka.

Fundi Hamisi akasogea akasoma. Akasema ndivyo zilivyo baadhi ya kompyuta za zamani, kiwanda kilizifunga zisikubali kadi ila zile za jamii yao. Akasema, bila ukali, nirudishe kila kitu kilivyokuwa nimkabidhi yule mama mali yake. Nikaitoa ile kadi, nikawasha tena. Kompyuta ikawaka vizuri kabisa.

Hapo nikapata nguvu. Nikamwambia, "Fundi, haijaharibika. Imekataa kadi tu. Nikiipata ya jamii yake, itakubali." Akanitazama, akasema basi kaitafute.

Nilizunguka soko zima la Kashaulili, kwa kila fundi mwenye meza. Wengine walicheka, wengine walinionyesha maboksi yao. Mwisho nikamkuta dada mmoja anayechapisha kadi za harusi, ana kompyuta ya jamii ile ile iliyokanyagwa na kufa kioo, anaitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Akaniruhusu niifungue. Kadi ilikuwemo, safi. Nilimshukuru mpaka akashangaa.

Nikaiweka, nikabana zile ncha mbili za waya, ni ndogo kuliko punje ya mtama. Nikawasha. Safari hii kompyuta haikusema neno baya. Ikawaka, na pale chini kwenye kona kikatokea kialama cha intaneti, na jina la simu yangu likaonekana. Nikaiacha simu mezani, nikabeba kompyuta mpaka nje, nikavuka barabara, bado jina lipo. Fundi Hamisi alikuwa amesimama nyuma ya meza. Alisema tu, "Kuanzia leo, kompyuta tunagawana." Mama, nilitaka kulia, nikajifanya natafuta bisibisi.

Tulimpigia Anisethi alasiri, maana huko kwao ndiyo asubuhi. Ndani ya nyumba, chini ya mabati, simu haipati mtandao wa maana, kwa hiyo niliiacha simu dirishani kwa nje, na kompyuta ikawa mezani sebuleni, inadaka kwa zile antena zangu. Kioo kikajaa uso wa mwanamume mwenye mvi kwenye ndevu. Mama Devota akasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo, kisha akarudi nyuma, akainua mikono.

Sikuelewa walichosema mwanzoni, ila nilimwona mwanamume yule akicheka bila sauti. Halafu Mama Devota akaacha kucheka. Akaonyesha mtu amelala. Akaonyesha mtu anageuza kichwa, anatafuta. Kisha akagonga mfupa wa bega lake na kufungua kiganja, na Devota, ambaye lugha hiyo anaijua kidogo, akaninong'oneza kwamba hilo ndilo jina la mjomba. Yule bibi, mama yao, sauti ilipokuwa imeisha, alilitaja hilo jina kwa mkono, akaendelea kulitaja mpaka mkono ukachoka.

Anisethi alifunika uso. Tukakaa hivyo, na intaneti haikukatika. Alipofunua uso akaanza kuuliza, na dada yake akamjibu moja baada ya jingine, mpaka akamaliza.

Mwisho akauliza jambo, na Mama Devota akanivuta mbele ya kamera. Devota akanitafsiria: anauliza nani ameifungua mashine. Dada yake akanionyesha mimi. Anisethi akanitazama kidogo, akaweka kidole kando ya jicho, akakizungusha kama anayekaza skrubu, kisha akaufungua mkono juu kama kitu kinachoruka. Wakairudia ishara hiyo wote wawili, yeye na dada yake, huku wananielekea mimi. Mama, nimepewa jina. Mama Devota sasa ananiita hivyo kila asubuhi nikitoka kwenda kazini, hata maneno hatumii.

Nisalimie kaka na wifi yangu, na mtoto wao ambaye sijamwona. Nisalimie baba mdogo anayeshona nyavu, mwambie redio yake ailete nikija, sasa sina kisingizio. Shangazi wa kanisani aendelee kuniombea. Yustina, asante kwa kusoma, na wewe nakusalimu.

Lile jina jipya haliandikiki, Mama, nitakuonyesha nikifika. Hapa naweka hili ulilonipa wewe.

Mwanao,
Leokadia