Moto Mmoja kwa Vilio Viwili

Kamina, tarehe 17 Oktoba 1999

Mpendwa mdogo wangu Cyprien,

Nakusalimu mimi dada yako mkubwa, halafu nakusalimu tena kwa niaba ya nyumba nzima. Hujambo huko Göteborg kwenye baridi? Kile kikohozi kimekuacha? Na watoto, wanakula? Sisi tupo. Goti langu linaniuma asubuhi, lakini likipata jua linatulia.

Barua yako ililetwa na Djafari, yule muuza vitambaa ambaye babu yake alitoka Maniema. Alikaa nayo kifuani kutoka Lubumbashi, kwa sababu treni ilisimama kila mahali na askari walipekua mizigo. Nilimpikia bukari ya unga wa mahindi na samaki wa Bukama. Alisema barua yako inanukia sabuni, na ni kweli.

Umeniuliza kama nimezoea. Bado. Tangu mume wangu Kitwa afariki mwezi wa sita, kila asubuhi natoa vikombe viwili, kisha narudisha kimoja.

Sasa nikuulize mimi. Unasema katika mji wenu kuna tanuri moja kubwa, na maji yake ya moto yanapita katika mabomba chini ya barabara mpaka yapashe joto nyumba za watu wengi. Nimesoma maneno hayo mara nyingi. Nani analiwasha? Je, jirani mwenye baridi nyingi hamalizi moto wa wengine? Hamgombani? Unasema pia wataalamu wanaona dunia nzima inapata joto kwa sababu ya moshi, na miji ndiyo inatakiwa kuanza kubadilika, maana huko ndiko watu wanakowasha moto mwingi. Nilijiuliza kama mji kama wetu, usio na viwanda, unahesabiwa. Lakini mvua ya mwaka huu imechelewa, na kutoka sokoni hadi stesheni, pale miti ilipokwisha, joto linakupiga usoni kama umefungua chungu.

Miti inakwisha kwa sababu ya vita. Magunia ya makala ya kupikia yaliyokuwa yakishuka kwenye treni hayashuki tena. Watu waliokimbia kutoka kaskazini wamejaa hapa, nao wanapaswa kupika kama sisi. Wachoma makala wanakwenda mbali na baiskeli, na wengine hawarudi.

Unaikumbuka mijakaranda ya barabara yetu? Kitwa aliipanda ulipokuwa bado unavaa kaptula ya shule. Jioni, akitoka kazini kwenye reli, alipita nyumba kwa nyumba akiomba maji ya kuogea yasimwagwe ovyo, yapelekwe kwenye mizizi. Watu walimcheka, lakini walipeleka.

Alipofariki, mashemeji zangu walikata mmoja wa miti hiyo kwa ajili ya moto wa kilio chake. Walifanya hivyo kwa kumheshimu: aliupanda, basi uwapashe moto wanaomlilia. Mimi nilikuwa nimeketi ndani na wanawake, na unajua mjane hasemi juu ya mambo ya uani. Kumbe tulifungua mlango. Mwenye kilio hanyimwi kuni kwetu, na moto wake hauzimwi mpaka kilio kiishe. Kila aliyefiwa baadaye alikuja na shoka. Mwisho ukabaki mti mmoja, ule wa mbele ya nyumba yangu, ambao unalitia kivuli bomba la maji, mahali wanawake wanapopanga ndoo.

Wiki iliyopita tulipata vifo viwili kwa siku moja. Kalala, fundi wa baiskeli, alipoteza mtoto kwa surua. Dunia, jirani yetu Mwislamu, alipoteza mama mkwe wake. Kalala akaja kwangu na shoka. Macho yake yalikuwa mekundu. Ningemkataliaje?

Ndipo nikakumbuka tanuri lenu. Nikamwambia kuna kisiki cha mti uliokatwa kwa ajili ya Kitwa, kipo katikati ya nyumba yake na ya Dunia. Tuwashe hapo moto mmoja, kila nyumba ilete kijiti, familia zote mbili zikae.

Akatikisa kichwa. “Hapana, mama. Bantu batasema Kalala alikosa hata kuni ya kulilia mutoto yake.”

Dunia alikuwa amesimama nyuma yake, na ndoo mkononi. Akasema, “Kalala, moshi ya kwako inaingia kwangu kila siku bila kupiga hodi. Leo ndio unaogopa moto?”

Kalala alitaka kukasirika. Badala yake akacheka kidogo, kisha akalia kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu asubuhi. Akaliegemeza shoka ukutani kwangu.

Tulikaa pamoja mpaka vilio vikaisha. Waislamu walisoma dua yao, sisi tukasali rozari, na kisiki kikaungua polepole. Kuni zilitosha na zikabaki, na waliokimbia vita, ambao hawana ua wa kulilia watu wao, nao wakaja wakakaa. Sasa mtaa wa pili wanauliza tulifanyaje. Mti umesimama. Leo umeangusha maua ndani ya ndoo za watu, nao wananung'unika.

Msalimie mkeo na watoto. Shangazi Kapenda anakusalimu, mtoto wangu Jean pia, na Dunia anaomba picha ya hilo tanuri. Mungu akulinde, akulete nyumbani njia zikifunguka.

Jambo moja limebaki, nijibu polepole. Huko kwenu moto upo chini ya barabara. Siku ulipopata habari ya Kitwa, ulikaa wapi kumlilia?

Yaya wako akupendaye siku zote,
Débora