Baba Amegawa Jina Lake

Shoga, nimechoka mpaka mifupa. Leo wodini daktari kamuuliza baba jina kabla ya upasuaji. Akajibu, "Sina."

Sina! Daktari akanigeukia: "Mzee amechanganyikiwa?"

Hajachanganyikiwa. Asubuhi alimpakata mwanangu mchanga, akamnong'oneza jina lake sikioni. Mimi bwege nikacheka, nikapiga na picha.

Unatujua sisi watu wa mlimani: jina la vita halikai kwa wawili. Ukishalitoa, umelaza mkuki, hupigani tena.

Nikamwambia, "Baba, lichukue, mtoto tutamtafutia lingine."

"Mwanangu, huu ugonjwa nimepigana nao vya kutosha. Mwambie daktari naye akapumzike."

Shoga, mtoto analia hapa na sithubutu kumwita. Nikimwita tu, nimekubali.