Martini ya Pasheni kwa Mtu Aliye Arusha

Makambako, Jumapili ya mwezi wa pili. Mvua inanyesha tangu tulipotoka kanisani, na baridi imeingia mpaka kwenye vijiko. Mwanangu Neema yuko kwa bibi yake Njombe. Nyumba yote ni yangu leo, na sijui niifanyie nini.

Nimemkumbuka mume wangu. Naandika hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Melki anachanganya vinywaji kwenye hoteli moja huko Arusha, mwaka wa pili sasa. Kabla hajaondoka, Jumapili kama hii alikuwa akinitengenezea martini ya pasheni hapa hapa jikoni, mimi nimekaa kwenye stuli namtazama mikono. Jana alipiga simu. Wanataka kumwongezea mkataba wa miaka miwili, na kesho asubuhi anatakiwa kusaini. Akaniuliza naonaje. Nikamwambia asaini tu, sisi huku tuko salama, mtoto anakula, paa halivuji.

Kuhusu paa nilisema kweli.

Basi leo nikaamua kujitengenezea mwenyewe. Pasheni ninazo, limau ninalo, na vodka aliyoiacha kabatini bado ipo. Kilichokosekana ni ile divai chungu anayotia kidogo. Jirani yangu Mama Tuma alikuwa ameniletea ulanzi, ile pombe ya mianzi, nikaona utashika nafasi yake. Nikamimina vyote kwenye chupa ya chai, nikakaza kifuniko, nikatikisa kwa madaha kama fundi.

Kifuniko kiliruka hadi darini. Mbegu za pasheni bado ziko huko.

Mama Tuma alisikia mshindo, akaja amejifunika kanga kichwani. Akaangalia juu, kisha akaniangalia mimi, akanisalimu. "Kamwene, Mama Neema. Ulanzi umeufungia kwenye chupa ya chai, na ukautikisa juu yake? Wewe si umezaliwa Njombe?"

Huku hata mtoto wa chekechea anajua kwamba ulanzi huendelea kuchacha ukiwa chomboni, na kifuniko chake huachwa kimelegea upumue. Tulicheka mpaka akakaa chini. Alipoondoka kicheko kikaniisha mara moja. Nilikuwa nataka kumhadithia Melki, lakini Melki hupiga simu akiwa hoi, tunaongelea kikohozi cha mtoto na gesi iliyoisha, basi.

Mara ya pili niliuacha ulanzi. Pasheni, limau, sukari, vodka, barafu. Nikatoa glasi zetu za harusi, nikamimina. Ilitoka nzuri, ya manjano, yenye povu juu. Kwetu anayetoa kinywaji huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo humpa. Melki alikuwa akifanya hivyo hata kwa martini, na mimi mkewe ndiye mgeni. Basi nikaonja kidogo, nikageuka, nikanyoosha mkono nimpe.

Nilikuwa nimemimina glasi mbili.

Nimelia, tena si kilio cha adabu. Mimi si salama. Namtaka mume wangu jikoni, anibanie njia ya kwenda kwenye sinki, aniulize sukari nimeiweka wapi wakati anaiona. Nimechoka kusifiwa kanisani kwamba mimi ni mama jasiri. Ujasiri wenyewe sikuuomba.

Nikachukua simu nikamwandikia: "Jana nilikudanganya. Usisaini. Rudi nyumbani, cha kula tutakitafuta huku huku." Nikaigeuza simu ikalala kifudifudi mezani. Nikanywa yangu, halafu nikanywa na yake, maana moyo ulikuwa unadunda kama wa msichana anayesubiri kuposwa.

Jibu limeingia sasa hivi, naandika haya.

"Jana uliponiambia nisaini, sikulala. Nakuja."