Kahawa mu Shamba ya Muhako

Kalunguta, tarehe 12 mwezi wa tatu 2024

Mutoto yangu Séphora,

Nakusalimia mu jina ya Bwana. Uko muzima? Kile kikohozi cha mavumbi ya Butembo kiliisha? Huku tuko. Magoti inauma mais ingali inanibeba. Mvua ilianza muzuri.

Ninaandika juu hauitike simu. Najua batu balishakuambia, donc acha nikuambie miye mwenyewe. Ile miche ya kahawa mia moja na makumi mbili yenye projet yenu, ile muradi ya kilimo, ilipanda mu shamba, niliing'oa. Yote. Asubuhi, na hii mikono. Na kile kibao chenu chenye kuandikwa « Champ modèle, Mama Jokébed », ati shamba ya mufano, nilikitosha mule pia.

Mulipanda wakati nilikuwa Beni, ku kilio ya dada yangu mu mutaa ya Ruwenzori. Nilirudia nakuta shamba imekuwa ya projet.

Séphora, unajua ile udongo haiko yetu. Baba yako Siméon aliiomba kwa mukama, mwenye udongo, muzee Kahongya. Kila mwaka tunamupelekea mbuzi ya muhako, na yeye anatuachia tulime maharagi na mihogo, vitu ya kupanda na kuvuna. Muti, hapana. Mutu mwenye kupanda muti mu udongo ya mwenzake anamuambia: sitatoka hapa, miye na batoto yangu. Baba yako hakupanda mule hata muavoka moja. Alikula avoka ya soko mpaka akakufa.

Unijibu. Kunywa maji ya moto.

Mama yako,
Jokébed


Butembo, Vulamba, tarehe 20 mwezi wa tatu 2024

Mama,

Salamu. Kikohozi kiliisha. Magoti utie mafuta ya ngazi, ile mawese, siyo ile dawa ya soko.

Siitike simu juu ningekutukana, na mutu hatukane mama yake. Ku karatasi mutu anaweza kufuta.

Unajua ulifanya nini? Nilisimama mbele ya familia makumi tatu za Kalunguta. Nikabaambia maharagi peke yake itabaacha na njaa, bachanganye: kahawa, migomba ya kivuli, simbilisi kwa nyama na mbolea. Nikasema mama yangu njo atakuwa wa kwanza. Sasa jirani yako Bénite naye aling'oa ya kwake, juu alikuona weye. Ku bureau bananiita « agronome ya kushindwa na mama yake ». Na bageni ya projet banakuja mwezi wa tano kuona shamba. Nitabaonyesha nini? Mashimo?

Miaka makumi mbili munalima ile udongo, na munaiogopa kama vile muliiba. Baba alikufa maskini juu ya ile woga. Weye unaiendelesha.

Nitaandikia Kahongya miye mwenyewe, ku karatasi yenye jina ya projet juu, na cachet, muhuri yake. Atajua kuko sheria.

Mutoto yako,
Séphora


Kalunguta, tarehe 27 mwezi wa tatu 2024

Séphora,

Salamu. Natumaini unakula.

Hapana kumuandikia muzee. Kwa muzee mutu anaenda na miguu, anakaa chini, anangoja bamuite. Karatasi ya cachet, siye batu ya huku tunaijua: inafikaka siku yenye banataka kukutosha ku udongo. Na yeye atafikiri vile vile.

Baba yako alikufa na homa. Hakukufa na woga. Ukirudilia ile neno sitakuandikia tena.

Ulisema mbele ya familia makumi tatu kwamba mama yako atakuwa wa kwanza. Uliniuliza? Uliniuliza namba ya kitambulisho tu, juu ya fishi yenu, ile karatasi ya kujaza. Na unauliza utaonyesha bageni nini, mais haujauliza niliweka wapi ile miche. Basi sitakuambia.

Maharagi imetoa majani mazuri. Ningekutumia sombe, majani ya mihogo, lakini motari, yule wa pikipiki, anaiponda.

Mama yako


Butembo, tarehe 2 mwezi wa ine 2024

Mama,

Barua ilishaenda mbele ya yako kufika. Niliandika na heshima. Nilimuambia familia yenye kulima miaka makumi mbili inapashwa kupewa karatasi ya udongo, na projet itafuata ile maneno mpaka mwisho.

Utanishukuru.

Séphora


Kalunguta, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Séphora,

Nakusalimia. Sikukuandikia miezi mbili juu kila mara nilianza na matusi, na miye sijui kufuta muzuri.

Muzee Kahongya alikuja yeye mwenyewe, na fimbo, barua yako mu mukono. Ésaïe, shemasi wa kanisa, njo alimusomea ile Kifaransa. Akaniuliza: « Jokébed, mbuzi zangu nilizikataa siku gani? » Nikamuambia hata siku moja, baba. « Basi ni nani anataka nimuandikie udongo ya babu yangu? » Nikasema ni mutoto yako Séphora. Akasema: « Yule mwenye alikuwa ananiibia karanga. » Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akasema nivune maharagi, nitoke.

Nilivuna. Nilitoka. Bageni yenu bakafika, bakapiga foto ya mihogo yenye haiko yangu tena.

Sasa nakuambia juu ya miche. Niliing'oa na udongo yake, polepole, nikatia moja moja mu sashe ya plastiki, nikatoboa chini, nikapanga nyuma ya nyumba, mu parcelle, kiwanja yenye baba yako alinunua. Ni kidogo kama blanketi, mais ni yetu. Muti yenye iko mu sashe haijakamata udongo ya mutu. Makumi mbili na tatu ilikauka, nililia. Ingine iko inafika ku magoti. Bénite alileta ya kwake, tunaimwangia maji pamoja. Tulitia mbegu ya papai na ya marakuja pia. Batu benye kuwa na udongo yao banatoka hata Butembo kuja kununua miche.

Wiki yenye ilipita Kahongya alisimama ku lupango, uzio ya nyumba, akaangalia sana. Akakamata makumi ine ya kahawa, ya kupanda ku kilima yake. Alilipa. Akasema: « Kumbe unajua kazi. » Shamba hakurudisha. Sikuomba.

Ulisema tuchanganye. Haukusema uongo. Lakini maharagi ikiisha, tutakula nini mwaka hii, agronome? Kahawa haipikwe na chumvi.

Kibao chenu ni mulango ya simbilisi, jina yangu inaangalia ndani. Hapana kuleta ingine.

Shamba, ni weye uliipoteza, ni weye utaiomba. Hapana kuandika. Nilichagua mbuzi, ile dume ya madoa, iko imefungwa ku lupango, inakula na kulalamika kama weye. Kamba utaikamata na mukono yako mpaka kwa muzee, utakaa chini, utangoja bakuite, hata bakikungojesha mpaka jua ya kichwa. Miye nitakaa kando yako. Sitasema kitu.

Motari akufikishe salama. Vaa kikwembe, kitenge ya heshima. Ile jilé, kizibao ya projet, uiache Butembo.

Mama yako