Walidhani Athanas Anaigiza

Gati, acha unachofanya usome.

Natoka hospitali. Athanas, yule rafiki yetu wa Nyansurura anayecheza mieleka, amevunjika mguu leo mchana kwenye onyesho la Bomani. Amevunjika kweli!

Unajua mieleka yao hupangwa kabla, nani ashinde na nani aanguke. Leo mpinzani wake alimrukia vibaya. Athanas akapiga kelele, "Jamani, nimevunjika! Simamisheni!"

Watu wakacheka. Gati, walicheka!

Mtangazaji akanyakua kipaza sauti: "Mnaona anavyojua kuigiza? Mpigieni makofi!" Uwanja mzima ukalipuka. Mama mmoja nyuma yangu akapiga vigelegele. Mpinzani naye, kusikia shangwe, akamkanyaga tena mguu uleule.

Walishtuka walipoona mfupa umetokeza. Hata hapo wengine walinyanyua simu wapige picha. Kinyaa kitupu!

Lakini kinachonichefua zaidi ni mimi mwenyewe. Alipolia mara ya kwanza, nilicheka nao.

Tulipokuwa tunampeleka hospitali alinishika mkono akauliza, "Na wewe ulikuwepo?"

Nikamwambia nimechelewa, nimefika wakati wanambeba.