Ukuta wa Kioo

Hurlingham,
Nairobi.
14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Nzomo,

Pokea salamu zetu sote. Goti linaendeleaje, na joto la Lodwar bado linakukaanga? Sisi tu wazima wa mwili. Mama anasema umemtupa dada yako. Mpigie simu hata kama huna la kusema.

Uliniuliza habari za kile kituo nilichochora, cha kutibu wanyama na ndege walioumia, huku karibu na Mountain View. Kimekwisha, kimefunguliwa, na sina furaha nacho hata kidogo.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuta za matofali ya udongo zenye matundu, upepo ujipitie wenyewe? Nilichora vivyo hivyo. Madirisha madogo, paa la kukinga maji ya mvua, miti ya asili pande zote. Wafadhili wakasifu, kisha wakaja na lao: ukuta wote wa mbele uwe kioo, kama maghorofa ya Upper Hill. Nilipinga mpaka sauti ikakauka. Mwenye nguvu mpishe, mjomba.

Siku ya ufunguzi tulikuwa na mwewe aliyepona bawa. Were, anayeuguza ndege hapo, alikuwa akimlisha kwa mkono wake tangu mvua zianze. Mgeni wa heshima akamwachilia, watu wakapiga makofi. Mwewe aliona miti ndani ya kioo, akaifuata. Makofi yalikuwa hayajaisha alipoanguka.

Were alimwokota, akaniambia, "Munyiva, hii kioo yenu inamaliza ndege. Sasa tunawatibu ya nini?"

Siku hizi kila asubuhi Were anakichora kioo mistari ya sabuni ili ndege wakione. Kabla wageni hawajafika, wasafishaji wanaamriwa kuipangusa, eti ni uchafu. Nimeomba, nimegombana, nimelia. Naambiwa kioo ndicho kinachopendeza kwenye picha. Nimechoka, na sioni dalili ya mtu kubadilika.

Nisalimie Mama Muasya, na Kavutha umwambie mtihani usimtishe.

Ulisema utakuja Desemba uone kazi ya mwanafunzi wako. Njoo, kuku wako yupo. Ila usiniombe nikupeleke kituoni. Kuta zako zinapumua vizuri, lakini mimi siku hizi naingilia mlango wa nyuma, nisiwakute ndege walioanguka mbele ya kioo.

Mungu akutunzie hiyo mikono, na hilo goti.

Mpwa wako akupendaye,
Munyiva